Uzi Ndani ya Jicho la Kulia

Jumatatu, Machi 10

Leo nimemfukuza nzi ambaye hayupo.

Nilikuwa nimeinamia hadubini, slaidi ya kumi na nne, kitu cheusi kikapita upande wa kulia. Nikapunga mkono. Maximilla, anayeketi meza ya pili, akanitazama juu ya miwani yake.

"Madam Nakhungu, unasalimia nani?"

"Nzi."

Akaangalia dirisha, ambalo lina wavu, akarudi kwenye kazi yake. Hatukuongea tena mpaka saa ya chai. Ndivyo tulivyo sisi wawili, miaka tisa sasa.

Kazini kila ninachokiona nakiandika kwenye rejista. Hiki hakina safu yake kule, kwa hivyo nimechukua daftari ambalo mwanangu Wechuli aliliacha alipomaliza chuo, nakiandika hapa.

Jumanne, Machi 11

Si nzi. Ni uzi. Leo nimesoma slaidi 38.

Alhamisi, Machi 13

Nimeuchunguza kama ninavyochunguza damu. Uko jicho la kulia. Una fundo katikati na mikia miwili, kama kipande cha uzi wa kushonea kilichoanguka majini. Nikitazama kulia, unakimbilia kulia. Nikisimamisha jicho, unashuka polepole na kutulia. Kwenye ukuta wa jikoni, ambao ni wa kijani, siuoni sana. Kwenye anga nauona. Kwenye hadubini nauona kuliko mahali pengine popote, kwa sababu pale chini kuna mwanga mtupu, nao unakuja kuketi katikati kama mgeni aliyealikwa.

Na hapo ndipo ninapopata riziki yangu. Maabara ya Bwana Balwant iko Otonglo, ghorofani, juu ya duka la mbolea. Zahanati ndogondogo za barabara ya Busia, kutoka hapa mpaka ng'ambo ya Kisian, hutuletea damu ipakwe rangi na kusomwa. Mimi ndiye msomaji wa kwanza. Natafuta vimelea vya malaria: vipete vyembamba vya zambarau, kila kimoja na doa lake. Nina miaka hamsini na mitatu, na ishirini na sita kati ya hiyo nimeitumia kutafuta vipete.

Nimegundua mbinu. Narusha jicho juu na chini haraka, uzi unaruka pembeni, nasoma upesi kabla haujarudi.

Jumatatu, Machi 17

Mvua imeanza, na upepo umeng'oa bati la choo cha jirani. Slaidi 61. Sasa wagonjwa watakuja.

Jumatano, Machi 19

Kila slaidi ya tano niliyoisoma husomwa tena na Maximilla bila yeye kuona jibu langu. Tukitofautiana, Bwana Balwant anasoma mwenyewe. Mwaka mzima uliopita tulitofautiana mara tatu. Wiki hii, mara mbili, na zote mbili Maximilla ndiye aliyekuwa sahihi.

Bwana Balwant aliniita ofisini. Ni mzee wa kilemba cha buluu, alizaliwa hapahapa Kisumu, na hapendi maneno mengi.

"Mama, kuna shida?"

"Hapana, Bwana. Slaidi ni nyingi tu."

"Mvua ya mwaka jana pia zilikuwa nyingi."

Nilipotoka, Maximilla alikuwa ameinama mezani, lakini mkono wake haukuwa kwenye skrubu ya hadubini. Alikuwa anasikiliza. Najua anachotaka. Kiti changu kiko karibu na dirisha.

Jumamosi, Machi 22

Nimemwambia mume wangu. Waliaula ni fundi wa viti vya mabasi, karakana yake iko Nyamasaria, na kwake hakuna kitu kisichoweza kufunguliwa, kusafishwa na kushonwa upya.

"Ni vumbi, Mama Wechuli. Nawa na maji ya uvuguvugu."

Nikanawa. Uzi ukatazama.

Jumanne, Machi 25

Waliaula amerudi na chupa ya matone. Amenunua kwa mtu mwenye kipaza sauti sokoni Otonglo. Ati yanayeyusha "uchafu wote wa macho" kwa siku saba, pamoja na kuona ukungu, pamoja na kuumwa kichwa. Nikasoma karatasi ya chupa. Haina jina la kiwanda wala tarehe.

"Weka kwanza, halafu ulalamike," akaniambia.

Nikaweka tone moja, kwa ajili ya amani. Jicho likawaka moto, likawa jekundu mpaka usiku ukaingia. Uzi haukuyeyuka. Nimemwaga chupa nzima chooni, na sasa hatuongei. Amekaa kule sebuleni akizungusha redio kutoka stesheni moja hadi nyingine. Ningemwelewa kama angekuwa na hasira ya kawaida. Hii yake ni nyingine, siijui.

Ijumaa, Machi 28

Mvua. Slaidi 83. Ugali na omena.

Jumatatu, Machi 31

Usiku wa jana nilipogeuza macho upesi, kulikuwa na mwanga pembeni, kama mtu amepiga picha. Ni uchovu. Slaidi 90.

Jumatano, Aprili 2

Nataka kuandika jambo hili polepole, nisije nikalipunguza.

Saa saba mchana Maximilla aliniletea slaidi mezani. Hakuipeleka kwa Bwana Balwant. Aliiweka chini ya hadubini yangu, akaweka tone la mafuta, akalenga mwenyewe, akasema, "Angalia tena hii."

Nikaangalia. Vipete. Si kimoja wala viwili. Vilikuwa vimetapakaa kila mahali.

"Ya nani?"

"Mtoto wa miaka minne, zahanati ya Kisian. Umeandika hakuna kitu."

Nikasema haiwezekani. Nikafungua rejista. Mwandiko ni wangu, saa nne na nusu asubuhi: *hakuna vimelea*.

Kibaya zaidi ni kwamba niliikumbuka slaidi ile. Niliiona asubuhi. Niliviona vile vitu vya zambarau. Lakini tangu juzi uzi wangu umezaa vidoadoa, nami nimezoea kujiambia: hivi ni vyangu, viruke. Basi niliviona vimelea vya mtoto wa watu, nikasema ni vyangu, nikaviruka.

"Jibu limeshatoka?" nikauliza.

"Nimelizuia. Nimewapigia simu. Ameshaanza dawa."

Nikahesabu mistari kwenye rejista. Slaidi hiyo ilikuwa ya ishirini na tatu. Si ya tano, si ya ishirini, si ya ishirini na tano. Haikuwa ya kusomwa na mtu wa pili.

"Maximilla, kwa nini ulikuwa unasoma hii?"

Akavua miwani, akaipangusa kwa shati lake, jambo ambalo kila siku namkataza.

"Nasoma zako zote," akasema. "Tangu ile siku ya nzi. Nafika saa kumi na mbili asubuhi, nyingine nasoma wakati wa chakula."

"Na Bwana Balwant?"

"Hajui."

Nikafungua mdomo nimuulize kwa nini. Akanikatiza.

"Aii yawa, usinishukuru. Ni watoto wa watu. Lakini pia mimi nilikuja hapa sijui hata kushika slaidi, wewe ndiye uliyenifundisha. Mtu hawezi kusahau kusoma kwa wiki mbili. Nilijua ni macho. Nilikuwa nangoja useme."

Wiki mbili zilizopita niliandika kwenye daftari hili kwamba anataka kiti changu. Sitayafuta maneno hayo. Yabaki, niwe nayaona.

Alhamisi, Aprili 3

Nilienda kumwambia Bwana Balwant ukweli wote. Amesafiri Eldoret kwa harusi, anarudi wikendi. Sikusoma slaidi hata moja. Nilipaka rangi tu, Maximilla akasoma za watu wawili.

Jumamosi, Aprili 5

Naandika na jicho la kulia limefunikwa. Mistari inapanda milima. Hii ni habari ya jana.

Saa tatu asubuhi nilikuwa naosha slaidi kwenye sinki. Mwanga ukapiga pembeni mara mbili, kama ule wa Jumapili, halafu jicho la kulia likajaa. Siwezi kueleza vingine: kama mtu amemwaga pilipili manga ndani ya glasi ya maji na kuikoroga. Vumbi jeusi likizunguka, likishuka. Nikashika ukingo wa sinki.

"Maximilla."

Ni jina tu nililosema. Alikuja, akanitazama, akachukua mkoba wangu na wake, akafunga mlango wa maabara na kuning'iniza kile kibao cha *Tumetoka kidogo*. Katika miaka tisa sijawahi kuona kibao kile kikitumika. Mvua ilikuwa inanyesha. Akasimamisha boda, tukapanda wawili nyuma ya yule mwendeshaji, akanifunika kichwa kwa koti la maabara, na njia nzima mpaka mjini alikuwa akimwambia, "Pole pole kwa matuta, ndugu yangu. Hapa umebeba jicho."

Daktari wa macho ni mama anaitwa Nalini, mfupi, anaongea taratibu. Alinitia matone ya kupanua mboni, tukangoja nusu saa, kisha akaniweka kidevu juu ya mashine na kuangaza taa mpaka nyuma kabisa ya jicho. Tazama juu. Tazama chini. Tazama sikio langu. Akanyamaza kwa muda mrefu. Najua kimya cha mtu anayetafuta kitu kidogo; najua pia kimya cha mtu aliyekipata.

"Kuna tundu," akasema.

Akanieleza hivi. Ndani ya jicho kuna ute, kama ule mweupe wa yai bichi. Tukizeeka unasinyaa, nyuzi zake zinajikusanya, na ninachokiona ni vivuli vyake vikianguka kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Hilo lenyewe huwapata watu wengi, wala si hatari. Lakini ute ukibanduka unaweza kuuvuta utando na kuuchana. Ule mwanga ulikuwa mvuto. Zile pilipili ni chembe za damu.

"Ungekaa wiki, maji yangepita kwenye tundu na kuubandua utando mzima. Ungeona kama pazia linashuka. Umekuja kwa wakati. Nani amekuleta?"

Nikaonyesha mlango. Maximilla alikuwa amesimama pale, koti likichuruzika maji sakafuni.

Wakanipiga leza saa hiyohiyo. Mwanga wa kijani, mara nyingi, nyingine kama sindano inayopiga mfupa. Inachoma kuzunguka tundu ili kovu likae na kuushika utando. Sikulia. Nililia baadaye, daktari aliponijibu nilipouliza kama uzi nao umekwisha.

"Leza hii ni ya tundu, Mama. Si ya uzi. Uzi bado uko."

Jumatatu, Aprili 7

Nimemwambia Bwana Balwant kila kitu, pamoja na habari ya mtoto wa Kisian. Nilisimama. Aliniambia niketi, nikakataa.

Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akafungua rejista na kulikata jina langu kwenye safu ya wasomaji, akaandika la Maximilla.

"Utapaka rangi. Utapokea sampuli. Hutasoma mpaka daktari aseme jicho limetulia, na mpaka mimi nikujaribu. Slaidi ishirini. Ukikosa moja, hapana."

"Sawa, Bwana."

"Na Mama. Ungeniambia Machi."

Hilo ndilo lililouma.

Alhamisi, Aprili 10

Rangi. Mikono yangu ni ya zambarau.

Jumatatu, Aprili 14

Rangi. Mvua. Mama mmoja pale dirishani aliniuliza kama mimi ni mgeni hapa.

Jumanne, Aprili 22

Kwa daktari tena, na Waliaula akafunga karakana tukaenda pamoja.

Tundu linashika vizuri. Pilipili nyingi zimeshuka. Uzi uko. Nikamwambia Daktari Nalini kazi yangu, na jinsi uzi unavyokuja katikati ya mwanga. Alisogeza kiti karibu. Nadhani hakuna mgonjwa aliyewahi kumchorea. Mimi nilimchorea, fundo na mikia.

"Haya, nikueleze yote yaliyopo," akasema, "halafu tusidanganyane."

Ya kwanza ni kungoja. Mara nyingi uzi hushuka kidogo chini ya mstari wa kuona, na ubongo hujifunza kuupuuza, kama unavyopuuza pua yako ambayo iko mbele ya macho siku zote. Huchukua miezi. Si wote wanaofanikiwa, lakini wengi.

Kuna leza nyingine, ya kuvunjavunja uzi wenyewe. Iko mahali pachache. Wengine husema imewasaidia, wengine hawaoni tofauti, na ushahidi wake bado ni mdogo. Uzi ulio karibu na utando, kama wangu, yeye hangeugusa.

Halafu upasuaji. Wanatoboa vitundu vitatu vidogo, wanatoa ute wote, wanajaza maji. Uzi unakwenda kweli. Lakini mtoto wa jicho huja mapema kwa wengi waliofanyiwa, na wachache hupata maambukizi, au utando kubanduka, jambo lilelile tulilolizuia juzi. Ni wa mtu ambaye maisha yake yamesimama.

"Na matone?" Waliaula akauliza.

"Hakuna tone wala mzizi ninaoujua unaoyeyusha uzi, Mzee. Ungekuwepo, ningewapa bure."

Waliaula akatazama viatu vyake. Kisha akainua kichwa. "Basi mpasue."

"Baba Wechuli!"

"Mpasue, Daktari. Andika leo."

Daktari Nalini akaniangalia mimi. Nikamuuliza, "Ungekuwa ni wewe?"

"Mimi sisomi slaidi. Nipe miezi mitatu. Jicho lipone kwanza. Halafu wewe ndiye utakayeniambia kama maisha yamesimama."

Jumatano, Aprili 23

Tumegombana tangu jana. Leo jioni nimemwambia, unataka nipasuliwe kwa nini, wewe uliyesema ni vumbi?

Alikuwa anavua buti. Akasimama na buti moja mkononi.

"Baba yangu aliambiwa angoje," akasema.

Miaka ishirini na nane ya ndoa. Nilijua mzee alikufa kipofu, nilimkuta hivyo. Sikujua jinsi ilivyokuwa. Waliaula alikuwa darasa la sita. Mzee alilalamika macho, akaenda zahanati, akaambiwa ni uzee, angoje. Ilikuwa presha ya macho. Akangoja. Mwaka wa pili aliketi barazani akiuliza kama jua limechwa, na jua lilikuwa utosini, na watoto wengine walicheka, Waliaula akiwa mmoja wao.

"Nilicheka," akasema. "Nilidhani anatutania."

Kwa hiyo ile haikuwa hasira, siku ile ya chupa. Nilimwambia ugonjwa wangu si ule. Nilimwambia sitaketi barazani na kungoja. Nitapimwa kila mara, na nikiona pazia au mwanga au pilipili mpya, ni siku hiyohiyo, hata kama ni Krismasi. Nimemwandikia dalili hizo kwa herufi kubwa, akazibandika ukutani karakanani pake, juu ya cherehani. Na bado anataka nipasuliwe.

Jumatano, Aprili 30

Rangi. Mvua ya mawe Otonglo, nyanya za watu zimeharibika.

Jumatano, Mei 7

Zahanati ya Kisian imesifu rangi yetu. Kumbe zahanati nyingi hupaka damu nene mno kwenye slaidi. Nimewaandikia karatasi ya maelezo. Kazi hii niliidharau, na bila hiyo msomaji ni bure.

Jumanne, Mei 20

Daktari: tundu limeziba. Naweza kuinama, kubeba, kusoma. Uzi umeshuka kidogo au mimi nataka uwe umeshuka.

Jumanne, Mei 27

Slaidi ishirini. Bwana Balwant alizipanga mwenyewe, akafunika namba kwa karatasi, akaketi nyuma yangu na gazeti ambalo hakuligeuza.

Kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Ya kumi na moja, uzi ukaja. Nikarusha jicho, ukaruka, ukarudi. Nikarusha tena. Kufikia ya kumi na sita shingo ilikuwa imekauka na macho yote mawili yanatoka machozi. Nilianza kuogopa kila kitu cha zambarau: hiki ni changu? Hiki ni cha mgonjwa? Nikaogopa kuacha, nikaandika vimelea mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Kumi na nane kati ya ishirini. Safari hii nilikosea kwa upande mwingine, watu wawili wazima wangepewa dawa bure.

"Tutajaribu tena," akasema Bwana Balwant. Hakusema lini.

Nimemwambia Waliaula apige simu kwa daktari. Aulize habari ya daktari wa upasuaji. Nimechoka. Hakufurahi nilivyotegemea. Alisema tu, "Sawa," akaenda kuchemsha chai.

Ijumaa, Mei 30

Jambo limetokea.

Wakati wa chakula Maximilla aliketi kwenye hadubini yangu, ambayo sasa ni yake lakini haitumii, bado anatumia ile ya meza ya pili. Akawasha taa, akashtuka.

"Madam, taa yako iko mwisho kabisa! Unasoma slaidi ama unachomelea vyuma?"

Nikamwambia nimeiongeza kidogo kidogo tangu Machi, ili nione zaidi.

"Na hili lango la mwanga hapa chini umelibana."

Nimelibana pia. Ndivyo nilivyofundishwa, ukitaka kitu kionekane kwa ukali, bana mwanga.

Akatazama lile lango, akanitazama mimi. "Sasa kama linakaza kivuli cha kimelea, si linakaza na cha uzi wako?"

Tulitazamana kama wanafunzi wawili walioiona hesabu. Akapunguza taa mpaka nusu. Akafungua lango taratibu. Akaniachia kiti.

Uzi ulikuwepo. Lakini haukuwa uzi tena, ulikuwa moshi. Na vipete vilikuwa vipete, kwa sababu vyenyewe vina rangi na moshi wangu hauna. Nikasogeza slaidi: vipete vikasogea na slaidi. Nikasogeza jicho: moshi ukasogea na jicho. Cha mgonjwa hufuata mkono wangu, changu hufuata jicho langu. Miezi mitatu nimekuwa nikikimbizana na uzi, na ningesogeza mkono tu.

Tulichelewa kula. Chapati zikapoa.

Jumatatu, Juni 2 – Ijumaa, Juni 6

Kila siku mchana, slaidi za zamani kumi, Maximilla ananisahihisha bila huruma. 9, 10, 10, 9, 10.

Jumanne, Juni 10

Ishirini kati ya ishirini.

Bwana Balwant alihesabu mara mbili. Akaenda kuchukua rejista, akaandika jina langu, na kando yake la Maximilla, yote mawili kwenye mstari wa msomaji wa kwanza. Akasema kuanzia leo kila slaidi itasomwa mara mbili, si ya tano tu, na kwamba hilo lilipaswa kuwa hivyo tangu zamani na kosa ni lake. Kisha akavua miwani yake akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama vidoa vinavyoonekana angani asubuhi ni kitu cha kumwonyesha daktari.

"Vimeanza lini, Bwana?"

"Miaka kadhaa. Havijabadilika."

"Nenda akupime hata hivyo. Wiki hii. Na ukiona mwanga au pilipili, usingoje wiki."

"Unanipa amri, Mama?"

"Ndiyo, Bwana."

Jumatano, Juni 18

Mvua zinapungua. Slaidi 44. Maximilla amehamisha meza yake, nayo sasa iko dirishani.

Jumamosi, Juni 28

Nimeshinda asubuhi nzima nikichagua mchele. Nilipomaliza ndipo nilipokumbuka kuutafuta uzi. Ulikuwepo. Sijui ulikuwa wapi wakati wote ule.

Ijumaa, Julai 4

Leo ilikuwa siku ya daktari, na Daktari Nalini alikuwa tayari na barua kwenda kwa daktari wa upasuaji, kama Waliaula alivyoomba kwa simu. Ilikuwa mezani, imebaki sahihi tu.

Alinipima kwanza. Kovu zuri, utando umelala. Uzi umeshuka chini ya mstari, alisema, lakini upo na pengine utakuwepo siku zote.

"Sasa niambie wewe. Maisha yamesimama?"

Nilimtazama Waliaula. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye, nilikuwa nimepanga na maneno. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Usinitazame mimi," akasema. "Macho ni yako. Mimi nilikuwa naogopa tu. Bado naogopa. Lakini nimekuona Jumamosi na ule mchele."

Nikamwambia daktari la, hayajasimama. Yakisimama nitarudi, na barua aiweke. Akaikunja akaitia kwenye faili langu, akaniandikia tarehe ya kupimwa tena, na kunikumbusha zile dalili. Waliaula akazitaja zote kabla yake, kwa mpangilio, kama mtoto anayesoma sala.

Tulipotoka mboni zangu zilikuwa bado zimepanuka. Jua la Kisumu la saa sita liliniangukia lote kwa pamoja. Sikuona watu, niliona rangi zikitembea, shati jekundu, kanga ya manjano, buluu ya kibanda cha simu, na gari jeupe lililong'aa mpaka nikageuza uso. Nikasimama ukingoni mwa barabara ya Oginga Odinga, siwezi kujua boda ziko wapi.

Waliaula akanishika mkono. Si kiwiko, kama anavyonishika nikiwa mgonjwa. Mkono, vidole ndani ya vidole, hadharani, mbele ya mji mzima. Hajawahi.

"Watu wanatutazama," akanong'ona.

"Mimi sioni mtu," nikamwambia.

Akacheka. "Basi twende."

Tukavuka. Ng'ambo kulikuwa na kivuli, na pale ningeweza kutembea mwenyewe. Sikumwambia. Naye hakuniachia.